Mstari Mwekundu kule Nanyuki

Nimechoka kusimulia haya mambo pale kituo cha majani chai. Kila mmoja wenu akifika na kikapu chake ananiuliza upya, "Mama Wambui, si mlienda? Ilikuwaje?" na mwingine anauliza huku anacheka kwa sababu ameshasikia nusu. Kwa hivyo naandika mara moja, nawatumia kwa simu, msome mmalize. Habari za kulipia tikiti na kujaza fomu nimeziruka. Hazina maana sasa.

Wamagana: karatasi ya fundi

Kwa wale ambao hamjui vizuri nyumba yetu: mume wangu Mwangi yuko Uarabuni mwaka wa nne sasa, na huja mwezi mmoja tu kila baada ya miaka miwili. Wambui ndiye mtoto wetu wa pekee. Anaelekea miaka tisa, lakini alizaliwa miezi saba na mwili wake haujasamehe hiyo haraka. Watu wakimwona wanauliza kama ameanza nasari. Ana jina la mama yake Mwangi, ndiyo maana baba yake humwita "mami", kama anayemwita mama yake mwenyewe.

Huko Uarabuni Mwangi anafanya kazi kwenye bustani kubwa ya michezo. Mimi nilijua ni askari wa geti, basi. Kila wiki alikuwa anamtumia Wambui video ya treni ya chuma inayopanda juu kama ghorofa, halafu inaanguka na watu wanapiga nduru. Akamwahidi, "Mami, siku utafika mita moja na ishirini, mimi na wewe tutapanda kitu kama hii pamoja." Kwa miaka miwili huyo mtoto hakuishi kwa kitu kingine. Alikunywa maziwa mpaka ndama akakonda. Kila jioni alining'inia kwenye tawi la mwovakado akihesabu hadi mia, ati avutike. Mimi nilimwacha. Ningemwambia nini?

Mwaka huu ikafunguliwa bustani ya michezo nje kidogo ya Nanyuki. Jina silitaji, sitaki maneno. Bango lao lilifika hadi hapa Wamagana, kwenye ukuta wa duka la dawa za ng'ombe: treni ya chuma yenye kichwa cha nyoka, inaitwa Joka, na chini yake imeandikwa kwamba anayepanda awe sentimita 120 kwenda juu. Mwezi huo huo Mwangi alikuwa anakuja.

Nilikuwa nampeleka Wambui kwa fundi Gitonga kushonewa sweta na rinda la shule. Mnamjua, amewashonea watoto wa hapa wote na baba zao pia. Nikamwambia, "Fundi, na unipimie urefu wake wote, kutoka kichwa hadi kisigino." Akampima, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kwenye karatasi: 121. Nilisoma mara tatu. Wambui alikimbia nayo mpaka nyumbani akaibandika ukutani kwa uji.

Mwangi akaja, na mnajua mwezi wa mtu wa Uarabuni unavyoliwa. Mazishi ya mjomba, paa la jikoni, wazee wa kwetu kusalimiwa, harambee ya kanisa. Ikabaki siku moja, na ilikuwa siku yake ya mwisho. Tukapanga hivi: asubuhi twende Nanyuki, Wambui apande Joka na baba yake, halafu saa kumi Mwangi achukue gari la Nairobi akashike ndege. Begi lake lilikuwa tayari. Ilikuwa ni siku hiyo, au baada ya miaka miwili mingine.

Wamagana hadi Nyeri

Dereva alikuwa Kariuki, mdogo wa Mwangi, na ile Probox yake. Tulikubaliana saa moja. Alifika saa mbili na nusu, gari likinuka nguruwe.

"Shemeji, usinune," akaniambia. "Nilikuwa nasaidia mtu."

"Ulikuwa unasaidia nguruwe."

"Hata yeye ni mteja."

Wambui alikuwa amevaa rinda jipya, lile la fundi Gitonga, likimfika karibu na vifundo vya miguu. Hiyo ni kawaida, nguo ya mtoto inanunuliwa ya kukua, sikuliangalia mara mbili. Alikaa nyuma na mimi, mgongo umenyooka kama anapigwa picha.

Kufika Nyeri gurudumu la nyuma likawa laini. Tukasimama kwa wale vijana wa kuziba panchari. Mmoja akamwinamia Wambui dirishani. "Katoto, umeanza nasari?"

"Niko gredi ya tatu," Wambui akasema.

"Gredi ya tatu? Basi mimi niko chuo kikuu."

Wenzake wakacheka. Wambui hakucheka. Akamwambia, "Mimi ni sentimita mia moja ishirini na moja. Leo napanda Joka na baba yangu."

Nilimgeukia Mwangi nikitaka tucheke pamoja. Alikuwa anaangalia gurudumu, na halikuwa na kitu cha kuangaliwa. Hiyo nilikuja kuikumbuka baadaye.

Nyeri hadi Karatina

Mwenye akili angeenda Nanyuki moja kwa moja. Sisi tulirudi chini Karatina, kwa sababu Mwangi hawezi kupanda ndege bila baraka za mama yake, na huyo shosho wa Wambui siku ya soko hatoki sokoni hata kwa mvua ya mawe. Anauza nduma. Tulimkuta ameketi nyuma ya rundo lake, mikokoteni inapita karibu kumkanyaga vidole, na yeye anaitukana bila hata kuiangalia.

Hakutaka kusikia habari za haraka. Alitutolea nduma zilizochemshwa, tukaletewa chai, tukala tumesimama. Akambariki Mwangi, akamtemea mate kidogo viganjani vile wazee hufanya. Halafu akauliza tunaenda wapi na mtoto.

Mwangi akamweleza Joka. Shosho akaweka kikombe chini.

"Inapanda juu kiasi gani?"

"Kama ile nyumba, mama." Mwangi akaonyesha ghorofa ya barabarani.

"Halafu inafanya nini?"

"Inashuka."

"Inashuka ama inaanguka?"

"Ni kama inaanguka, lakini haianguki."

Shosho akanigeukia mimi, kwa sababu kila jambo baya mwanawe akifanya mwenye kosa ni mimi. "Mama Wambui, huyu ni mimi. Ana jina langu. Mimi maisha yangu yote sijapanda hata mti. Sasa mnapeleka jina langu juu ya chuma?"

Jamani, tulibishana nusu saa. Muuza kitunguu jirani akaingia, na mteja wake akaingia, mmoja akisema jina halina uzito, mwingine akisema lina uzito kuliko mtu. Mwisho Wambui mwenyewe akamwambia, "Shosho, nitafunga macho kwa niaba yako." Shosho akacheka mpaka akashika mbavu. Akasimama wima kando ya mtoto, bega kwa kichwa, akasema, "Sisi akina Wambui tunakaa karibu na udongo. Haya, nendeni. Lakini mimi sijakubali."

Karatina hadi Chaka

Saa tano ilikuwa imepita. Tikiti zetu zilikuwa za zamu ya saa nane, na anayekosa zamu yake amekosa. Nikasema tusisimame tena popote. Kariuki akakanyaga mafuta. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, hakuna aliyeuangalia.

Tulipofika Chaka, Mwangi akasema, "Simama hapa tule nyama."

"Nyama gani?" nikauliza. "Tumekula nduma sasa hivi."

"Nyama ya mbuzi. Huko siipati hivi. Ni siku yangu ya mwisho, Nyambura."

Mtu akikuambia ni siku yake ya mwisho utamjibu nini? Tukasimama. Nyama ilikawia kuiva. Ilipoletwa kwenye ubao, Kariuki akala, mimi nikala kwa hasira, na Mwangi, mwenye njaa ya nyama, akakata vipande vidogo vidogo akavisukuma kwa Wambui. Nikamwambia saa. Akasema, "Tulia." Nikamwambia tena. Akasema anataka supu.

Wambui akaweka mfupa chini. "Baba, unaogopa Joka?"

"Kidogo, mami."

"Nitakushika mkono."

Mwangi akaamka akaenda kunawa, akakaa pale kwenye bomba la maji mpaka nikamfuata. Nilimkuta anaangalia barabara. Nikamwambia kama anataka kumvunja mtoto moyo aseme tujue. Akasema, "Twende."

Nanyuki: mstari mwekundu

Tulifika saa nane kasoro dakika tano. Tulikimbia. Foleni ilikuwa ndefu, familia za Nanyuki, za Meru, watoto wa shule moja wenye sweta za kijani. Joka alikuwa pale juu yetu anatoa ile sauti ya chuma, na kila akishuka foleni yote inainua vichwa. Wambui hakuinua. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye ule ubao wa kupimia uliochorwa twiga, mstari mwekundu ukipita shingoni mwake.

Zamu yake ilipofika alivua kofia ya sufu, akavua na viatu. Hakuna aliyemwambia. Hakutaka mtu aseme amedanganya. Akasimama na soksi, mikono chini, kidevu kimenyooka.

Msichana wa geti, mwenye kofia nyekundu na sauti ya upole, akaweka mkono bapa juu ya kichwa chake. Kati ya kichwa cha mtoto wangu na ule mstari ungeweza kupitisha kikombe.

"Pole, mum," akaniambia. "Bado kidogo."

"Kidogo gani? Pima tena."

Akapima tena. "Mia moja na kumi na moja."

"Hiyo twiga yenu ni mbovu. Huyu ni mia moja ishirini na moja. Amepimwa na fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa nguo."

Nyuma yetu mtu akacheka kwa pua. Nikatoa simu nikampigia fundi Gitonga, nikaweka sauti kubwa ili huyo msichana asikie aaibike.

"Fundi, ile siku ulimpima Wambui, ulimpima sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, mama. Kwani sweta inambana?"

"Siulizi sweta. Nauliza urefu. Uliniandikia mia moja ishirini na moja."

"Ee. Alikuwa mia moja na kumi na moja. Nikaweka kumi za kukua."

"Za nini?"

"Za kukua, mama. Mtoto wa shule siwezi kumwandikia kipimo cha leo, mwaka ujao utarudi kunilaumu. Mkono umezoea. Si wewe mwenyewe kila mwaka unaniambia ongeza?"

Foleni yote ilicheka. Mama mmoja alijifuta machozi kwa leso. Na ubaya ni kwamba mzee alisema kweli, kila mwaka mimi ndiye humwambia ongeza, fundi, ongeza. Nikakata simu. Nilikuwa na hasira ya kuangusha Joka kwa mikono, na sikuwa na mtu wa kummwagia.

Nikamgeukia Mwangi. "Si uongee na huyu msichana?" Kwa sababu sote tunajua, nchi hii watu huongea, na jambo likiongewa linapita.

Mwangi hakuongea. Alikuwa ameokota viatu vya Wambui.

"Huyu msichana ako sawa," akasema. "Kile chuma cha kufunga mapaja hakiwezi kumshika. Anaweza kuchomoka."

"Wewe umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu, Nyambura. Mimi si askari. Mimi ndiye huyu." Akamwonyesha yule msichana. "Nasimama na fimbo ya kupimia, kutwa nzima."

Ilinichukua muda kuelewa. Watu walikuwa wanatupita sasa, wale watoto wa sweta za kijani, mmoja mmoja wakisimama kwa twiga na kuingia.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua ile siku alinikimbilia stendi ya Nyeri. Macho yamezoea. Mtoto akiwa mbali bado, najua kama ataingia ama hataingia."

"Wiki tatu, Mwangi."

"Alinionyesha ile karatasi hata kabla nivue viatu. Ningesema nini? Nikadhani huku tutaongea, watatuachilia. Halafu tukiwa njiani nikakumbuka vile hicho chuma hufungwa. Pale Chaka nilitaka tu tuchelewe, lawama iwe ya nyama."

Mimi nilimtukana. Sitaandika nilichosema, wengine wenu ni wa kanisa. Nilimwambia heri angemwambia mtoto nyumbani, jikoni, akalia kwenye kanga yangu, kuliko kumleta hapa avue viatu mbele ya watu wa Meru. Yeye alisimama tu na vile viatu, cha kushoto mkono wa kushoto, cha kulia mkono wa kulia.

Na Wambui alikuwa hapo katikati yetu. Alisikia kila neno.

Msichana wa geti, Mungu amsamehe, akajaribu kusaidia. Akasema kule nyuma kuna treni ndogo ya watoto. Tukaenda. Ilikuwa na vibehewa vya kuchorwa kuku na bata, inazunguka ua mmoja. Kijana wa pale alimwangalia Wambui, akamwangalia tena.

"Huyu ni mrefu," akasema. "Hii ni ya chini ya mita moja. Magoti hayatatosha."

Kwa hivyo mtoto wangu siku hiyo alikuwa mfupi na alikuwa mrefu, na pahali pa kipimo chake hapakuwepo. Nikaanza kumfokea huyo kijana. Wambui akanivuta sketi. "Mama, wacha. Sikutaka ya bata." Akachukua viatu kwa baba yake, akaketi chini, akavivaa, akafunga kamba mwenyewe. Mwangi alipiga magoti kumsaidia, na yeye akasogeza mguu.

Stendi ya Nanyuki

Saa tisa na nusu tulikuwa stendi. Hatukuwa na pahali pengine pa kwenda. Mwangi alinunua soda tatu na keki, hakuna aliyekula, isipokuwa Kariuki, ambaye angekula hata nyumba ikiungua. Begi likapakiwa nyuma ya gari la Nairobi. Utingo akasema bado abiria wawili.

Tuliketi kwenye benchi, Wambui katikati. Halafu akauliza, sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari za shule:

"Baba, huko kwako wafupi huja?"

"Huja, mami."

"Wengi?"

"Kila siku kuna mmoja, wawili."

"Wakikosa, wanalia?"

"Wengine wanalia."

"Sasa wewe unawafanyia nini?"

Mwangi aliangalia utingo kama anayetaka gari lijae. Halikuwa limejaa. Ningeweza kumsaidia, mimi mke wake, ningeweza kusema "wacha baba apumzike". Nilitaka ajibu.

"Foleni huwa ndefu," akasema. "Naita anayefuata."

Wambui akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefafanuliwa hesabu akaielewa.

Gari likajaa. Mwangi akamkumbatia. Wambui alisimama vile vile alivyosimama kwa twiga, mikono chini, kidevu juu, akikumbatiwa. Mwangi akaniaga mimi pia, nikampa mkono. Miaka miwili, na mimi nilimpa mkono. Dirishani alikuwa anajaribu kufungua kioo, kioo kilikuwa kimekwama, akawa anasema maneno ambayo hatukuyasikia. Kisha gari likaondoka.

Nanyuki hadi nyumbani

Safari ya kurudi haina habari. Tulipita Naro Moru, tukapita Chaka, gari bado linanuka nguruwe. Kariuki akajaribu, akasema, "Wambui, miaka miwili si mingi, baba akirudi utakuwa umempita shemeji." Nikamwambia aendeshe gari. Shosho akapiga simu kuuliza kama jina lake limeshuka salama. Nikamwambia limeshuka. Sikumwambia halikupanda.

Kesho yake nilienda kwa fundi Gitonga na maneno yangu yote tayari. Nilimkuta anampima mtoto wa mtu, na mama yake amesimama pale anasema, "Ongeza, fundi, ongeza kidogo." Nikarudi nyumbani.

Mwangi alifika salama. Hunipigia jioni tukimaliza kukama, na mimi huongea naye juu ya paa na ng'ombe, kwa sababu mambo mengine nikiyafungua sijui nitayafungia wapi. Juzi akasema, "Nipe mami nimsalimie." Wiki mbili alikuwa hajathubutu kuuliza. Wambui alikuwa kando yangu anachambua maharagwe kwenye sinia. Nikamnyoshea simu.

"Ni baba. Anataka kukusalimia."

Hakuinua kichwa. Alitoa jiwe moja kwenye maharagwe akaliweka kando.

"Mwambie aite anayefuata."

Sikuhitaji kumwambia. Nilimsikia akipumua. Nyuma yake kulikuwa na kelele za chuma na watu wanaopiga nduru, alikuwa bado kazini. Nilishikilia simu hivyo, kati yao wawili, mpaka mkono ukachoka.